Kitabu chako kimefika

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Sahibu yangu Salim,

Kitabu chako kimefika. Jamaa wa vifurushi kwenye basi alikilaza chini ya gunia la nazi, kwa hivyo jalada limenyonyoka, lakini kurasa zote zipo, nimezihesabu. Nilikianza Ijumaa saa tatu usiku nikakimaliza Jumamosi adhuhuri, na nguo nilizoahidi kufua bado zimo kwenye beseni. Shemeji yako amenituma nikuambie usilete kingine mpaka mwezi ujao.

Sasa, hiki The Day of the Triffids. Ulisema kweli kuhusu mwanzo wake. Mtu anaamka hospitalini macho yamefungwa bendeji, anajua ni Jumatano, lakini nje kimya: hakuna gari, muuguzi haji. Kumbe wote waliokesha wakitazama mianga ya kijani angani wameamka vipofu, na yeye amesalimika kwa sababu ya zile bendeji. Hapo nilikuwa nimekaa wima kitandani. Ila ile mimea inayotembea na kuwachapa watu kwa sumu haikunitisha hata kidogo. Mimi ni mtoto wa Kiambu, bwana. Kwetu mmea ukikuuma, kama thabai, unauchuma kwa uangalifu unaupondea kwenye mukimo.

Kilichonikera ni jambo jingine. Kitabu ni cha 1951, London imekwisha, na humo wapo watu wanaongoja tu Wamarekani waje kuwaokoa. Anayejiuliza Mombasa wanaendeleaje sikumwona. Nikakumbuka ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege ukaingia giza. Mwandishi wa riwaya angeanza na watu kuvunja maduka. Huku Umoja mama mboga aliwasha koroboi akaendelea kukatakata sukuma kama kawaida, tena foleni yake ilikuwa ndefu kuliko siku nyingine. Hofu yetu ilikuja asubuhi, na ilikuwa ya maji. Pampu haisukumi, tangi la juu limekauka, na vijana wa mikokoteni wamekwishanusa biashara, mtungi umepanda bei. Yule jirani wa ghorofa ya tano asiyemsalimu mtu alishuka na ndoo mbili, akatuamkia mmoja mmoja. Siku nikiandika riwaya ya maangamizi, nusu yake itakuwa juu ya ngazi: nani anapanda na maji, nani anampandishia nani.

Kingine nilikipata barabara ya Tom Mboya kwa yule mzee wa vitabu vya inama, kimekatwa kona moja na panya: The Man in the High Castle, cha 1962. Hiki ni cha ule mtindo unaouita wewe "historia ya laiti". Ujerumani na Japani wameshinda vita vikuu vya pili, wameigawana Marekani, mashariki ya huyu na magharibi ya yule. Na unajua ilipoanzia? Februari 1933, mjini Miami, mtu aitwaye Zangara alimfyatulia risasi Roosevelt, rais mteule wa Marekani. Hilo lilitokea kweli. Katika dunia yetu alimkosa, akampata meya wa Chicago, ambaye alifariki baadaye. Katika riwaya hakukosa. Basi, imetosha. Kila kitu kingine kinamwagika kutoka kwenye tundu hilo dogo, na ndiyo maana nimeupenda ufundi wake.

Lakini Salim, unakumbuka wanachosema juu ya Afrika? Wajerumani wamelifyeka bara letu watu wake, na jambo hilo linatajwa kwa sentensi chache tu. Mtu anashtuka kidogo, kisha tunarudi San Francisco kwenye duka la vitu vya kale. Nilifunga kitabu nikaenda kuosha uso. Najua mwandishi alitaka tuone jinsi wahusika wake walivyozoea unyama. Najua. Bado niliona kwamba kifo changu mimi na ukoo wangu wote kimekuwa mapambo ya ukutani katika hadithi ya mtu mwingine.

Ndipo nikarudia ule ubishi wetu wa Krismasi: je, laiti yetu sisi iko wapi? Wewe utasema ni 1498, Malindi. Wamombasa hamchoki kuwalaumu Wamalindi! Eti wangalimnyima Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi Calicut kama Mombasa ilivyomnunia, mambo yangalikuwa mengine. Sikubaliani nawe. Angalimpata rubani kwingine, au wangalikuja wenzake mwaka uliofuata. Kuna pia ile ya 1903, Waingereza walipowapa Wazayuni fursa ya kuhamia nyanda za Uasin Gishu, nao wakaikataa 1905. Hiyo ni tamu, lakini imeshaandikiwa riwaya.

Laiti yangu ni sotoka.

Sikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1880 maradhi haya ya ng'ombe yaliingia Pembe ya Afrika. Inaelezwa kuwa yaliletwa na mifugo ya kulishia jeshi la Italia, iliyoshushwa bandari ya Massawa. Miaka michache baadaye yalikuwa yamefika kwa Wamaasai, ng'ombe wakafa karibu wote. Ikafuata ndui. Wenyewe wanauita wakati huo Emutai, yaani kufutika. Huku kwetu ukame na njaa vikatukamata mwishoni mwa miaka ya 1890, na cucu wangu, yaani bibi yangu, aliiita njaa hiyo Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, jina alilolisikia kwa mama yake. Mei 1899 reli ikafika hapa kwenye kinamasi. Kisha wakaja walowezi, wakaona malisho yasiyo na ng'ombe na mashamba yasiyo na watu, wakasema ardhi hii haina mwenyewe. 1904 Wamaasai wakatiliwa mkataba wa kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa, na 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia.

Kwa hiyo tunaposoma jinsi London inavyokwisha na manusura wanavyopita katikati ya mitaa mitupu, mimi namwona mama ya cucu akiwa mtoto. Hadithi hiyo ilishatokea hapa hapa, ila haikuchapishwa na jalada lenye vimondo.

Kuna jambo ambalo mwandishi angelibuni, mhariri angelifuta kwa kuwa ni zuri kupita kiasi. Maradhi ambayo binadamu ameyafuta kabisa duniani ni mawili tu: ndui, iliyotangazwa 1980, na sotoka, 2011. Ni yale yale mawili. Na chanjo iliyoisaidia dunia kuimaliza sotoka ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapo Muguga, kabla hujafika Limuru. Nimepita pale na matatu mara ngapi nikiwa nimelala?

Basi nimeanza kuandika, usinicheke. Nina kurasa sita. Sotoka haikuja, ng'ombe wapo, na reli imefika ukingoni mwa malisho ikakuta wenyewe, wengi, wameshiba, hawana haraka. Enkare Nairobi, kama Wamaasai walivyopaita hapa, imebaki mahali pa kunywesha mifugo. Tatizo ni kwamba katika dunia hiyo mimi sipo, wala Umoja haipo, na nilipofika ukurasa wa saba nikaanza kulihurumia jengo ninamokaa na ngazi zake. Nimekwama hapo.

Kwa Kiswahili naweza kuiandika, usiniletee ile hoja yako kwamba lugha haina msamiati. Katama Mkangi alimrusha mhusika wake Dzombo angani katika riwaya ya Walenisi tangu 1995, na hakuomba ruhusa ya mtu. Halafu nakala yangu ya Walenisi unayo wewe. Irudishe, na safari hii iwekwe juu ya nazi.

Nina ombi jingine, kwa mzee wako. Nataka meli ya wale ng'ombe izame kabla ya kufika Massawa. Sitaki muujiza wala dhoruba ya kishirikina, nataka jambo dogo la kawaida kama risasi ya Zangara. Yeye ameendesha majahazi miaka yote hiyo. Hebu muulize: katika Bahari ya Shamu meli ya moshi inakwama vipi, usiku, hali shwari, nahodha akiwa hajalewa?

Wako,
Njoroge