Usiku wa kuamkia tarehe 10

Moshi, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na nimesikitika kwa usumbufu uliokukuta huko Arusha ulipopeleka maombi ya pasipoti, ukarudishwa kwa kuwa cheti kinasema ulizaliwa tarehe 10 Desemba 1996 ilhali vyeti vyako vya shule vinasema tarehe 9. Unaniuliza ipi ni ya kweli, na unaniuliza kana kwamba mmoja kati yetu sisi wazee alisema uongo.

Ulizaliwa tarehe 9, siku ya Jumatatu, muda mfupi baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Muuguzi alikuwa ameweka redio ndogo dirishani, na nilikuwa nikisikia habari za Uhuru kutimiza miaka 35 huku nikiuma upindo wa kanga. Hata hivyo, mkunga aliyekupokea alikuwa mama mtu mzima kutoka Pangani, na kwa hesabu aliyokulia nayo siku huanza jua linapozama, wala haisubiri saa sita za usiku. Kwake yeye Jumatatu ilikuwa imekwisha kwenye magharibi, na wewe ulikuwa mtoto wa usiku wa Jumanne. Akaandika tarehe 10 katika daftari, na cheti kikafuata daftari. Kadi yako ya kliniki, iliyojazwa asubuhi yake na muuguzi mwingine, inasema tarehe 9.

Unajua kwamba nilifundisha historia kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote niliandika tarehe ubaoni kana kwamba kila jambo lina siku yake moja isiyo na ubishi. Tarehe 9 Desemba yenyewe ndiyo iliyonifundisha vinginevyo, kwa maana tangu ulipozaliwa nimekuwa nikikusanya yaliyotokea siku hiyo.

Anza na Uhuru wetu. Bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya kilele cha Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, akiwasha mwenge na kusimamisha bendera mpya. Jambo hilo, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kutamkwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1959 katika Baraza la Kutunga Sheria, aliposema kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro ili umulike hata nje ya mipaka yetu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri, na hapo siku haikukutana na siku kwa bahati: viongozi waliichagua makusudi. Ndiyo maana nilikuwa nikiwakataza wanafunzi wangu kushangilia kila tarehe zinapolingana kabla hawajauliza kama kuna mtu aliyezilinganisha.

Umoja wa Mataifa nao ulikuwa na siku kama zako mbili. Baraza Kuu lilipokutana Paris mwaka 1948, lilipitisha tarehe 9 Desemba Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari, na kesho yake, tarehe 10, likapitisha Tamko la Haki za Binadamu. Tamko ndilo linalokumbukwa zaidi. Mkataba haukuanza kutumika hadi Januari 1951, na baada ya hapo ulikaa miongo mingi bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, hadi Rwanda ilipoingia katika maafa ya mwaka 1994 na mahakama maalumu ikawekwa hapo Arusha, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa unachokipita mara kwa mara ukienda mjini. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza kusikilizwa tarehe 9 Januari 1997, ulipotimiza mwezi mmoja kamili, na tarehe 2 Septemba 1998 akahukumiwa kuwa na hatia ya mauaji ya kimbari. Kwa hiyo neno lililoandikwa Paris lilihitaji karibu miaka 50 kabla halijatamkwa na majaji juu ya mtu mwenye jina na uso. Sasa niambie, sheria hiyo ilizaliwa lini?

Ndui ilinisumbua zaidi darasani. Kovu lililo kwenye mkono wangu, ambalo ulipokuwa mdogo ulipenda kulibonyeza kwa kidole, ni la chanjo yake. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mnamo Oktoba 1977, naye akapona. Wataalamu hawakutangaza kitu siku hiyo, kwa kuwa ilibidi ipite miaka miwili bila mgonjwa mwingine. Ndipo tume yao ikatia sahihi hati ya kuthibitisha kwamba ndui imetokomea, tarehe 9 Desemba 1979, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukalitangaza jambo hilo Mei 1980. Wanafunzi walitaka tarehe moja ya kuandika kwenye mtihani. Nikawapa ya 1980, kwa sababu ndiyo iliyokuwa vitabuni, lakini moyoni nilibaki na yule mpishi.

Kuna pia wale ambao hawakuchagua. Ralph Bunche, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, aliipokea tarehe 10 Desemba 1950 na akafariki tarehe 9 Desemba 1971. Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alifariki Nairobi siku ileile uliyozaliwa wewe, mwaka uleule. Huyu ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa amelala kambini na homa, na ndiye aliyeongoza uchimbaji wa Laetoli ambako zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Walipita juu ya majivu ya volkano yaliyokuwa yameloweshwa na mvua, kisha majivu hayo yakakauka na kuwa magumu. Nililitafakari hilo sana nikiwa nakunyonyesha: ya kwamba kuna mwendo ambao tunajua hata hali ya hewa yake, lakini siku, mwezi, wala mwaka wake hakuna atakayeujua.

Wewe yako tunaijua, na tena tunaijua kwa saa. Njoo Jumamosi twende kwa wakili hapa mjini, nami kama mama mzazi nitaapa kwamba ulizaliwa tarehe 9. Nimeitoa kadi ya kliniki sandukuni; imechakaa kwenye mikunjo lakini wino unasomeka. Ombi langu ni moja tu kuhusu maneno ya hati hiyo ya kiapo. Mkunga yule alikwisha kufariki, na sitaki iandikwe kwamba alikosea. Iandikwe kwamba mtoto alizaliwa saa mbili na nusu usiku wa Jumatatu, na kwamba aliyejaza daftari alihesabu siku kuanzia machweo. Wakili akicheka, mwache acheke, lakini asilifute.

Mama yako