Hiyo barua ya kazi usiitume bado

Mwanangu,

Barua yako ya kuomba kazi nimeisoma jana usiku, na asubuhi nikairudia. Usiitume bado. Umeandika kwamba kila Jumamosi "I hang out with children at the library". Asiyekujua ataelewa kwamba unakwenda kupiga soga mpaka jua lizame.

Sarufi ya "hang out", yaani kukaa na watu kupitisha muda, haina kasoro. Ukitaja watu unaongeza "with", sawa, na wakati uliopita ni "hung out". "Hanged" waachie walionyongwa. Mkiandikiana wenyewe kwa wenyewe kwenye simu, ndivyo isemwavyo. Lakini hayo ni maneno ya kijiweni, na kamusi zenyewe huyatia alama kuwa si rasmi. Yanataja uliyekuwa naye na mlipokaa, basi. Mlichofanya hakimo. Na wewe umefanya! Yule mdogo aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake asiitwe kusoma, si wewe uliyekaa naye, kidole juu ya herufi, mpaka akamaliza ukurasa peke yake? Huko ni kufundisha. Andika "I teach children to read", uone barua inavyosimama.

Najua hupendi kujisifu. Tulikukanya mno habari za majivuno ulipokuwa mdogo, pengine kupita kiasi. Lakini kuitaja kazi uliyoifanya kwa jina lake si majivuno, na anayeajiri hana namna nyingine ya kuijua.

Aya ya mwisho umerudia tena: "I look forward to hanging out with your team". Hapo toa kabisa, mwanangu. Weka "working with". Bosi wako akija kukwambia yeye mwenyewe mkae pamoja baada ya kazi, hapo mjibu kwa "hang out" hiyo hiyo, hakuna ubaya. Kwenye barua ya kwanza, hapana.

"Hang out the washing" ni jambo jingine, huko ni kuanika nguo. Na za kwako ulizoacha kwenye kamba nimezianua, shuka moja imechanika pembeni, nitaishona.

Ukisharekebisha nitumie niione kwanza, hata iwe usiku. Na simu uwe unapokea, juzi imeita mpaka ikakatika. Baba yako anatafuta ufunguo wa stoo. Kama umeondoka nao sema, tumwite fundi abadilishe kitasa.

Mama yako