Mbwa tunamsemesha kwa upole, nafsi zetu tunazitukana

Mhariri,

Wanaotembeza mbwa Msitu wa Karura, Nairobi, huwasemesha kwa upole: "Haya, tujaribu tena." Watu hao hao wakikosea kazini hujiambia, "Mjinga mimi!" Inasikitisha, maana kanuni za kumfundisha mbwa zingewafaa wenyewe.

Mbwa akitii, sifa au kipande cha nyama kimfikie ndani ya sekunde moja au mbili; ukichelewa, hajui ametuzwa kwa lipi. Somo ni kama dakika 5, kisha apumzike. Akishindwa mara mbili mfululizo, usipandishe sauti, rahisisha zoezi: msogelee, au mwondoe penye honi za matatu. Kumkemea jioni kwa zulia alilochafua asubuhi hakumfundishi usafi, kunamfundisha kukuogopa. Mwaka 2009, mtafiti wa tabia za mbwa Alexandra Horowitz wa Marekani alionyesha kuwa ule uso wa "hatia" hutokana na kukemewa, si na kosa lenyewe.

Wengi hudhani kujisemesha kwa upole ni uvivu. Si kweli hata kidogo. Mbwa anayeadhibiwa kila mara ndiye huacha kujaribu.

Basi ukikosea, taja tendo, "nimechelewa kutuma ripoti," bila tusi. Jiite kwa jina lako, kana kwamba unamsemesha mtu mwingine. Umbali huo mdogo hupoza hasira. Chagua hatua moja unayoiweza leo, kama kuandika ukurasa wa kwanza tu, na ukiumaliza jipongeze papo hapo, kwa sauti ukiweza. Ukurasa wa pili usubiri kesho.

Mkufunzi wa mbwa,
Nairobi