Rubani ni nani? Barua ya wazi kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Simu hupokei. Ujumbe ninaokutumia tiki zinageuka bluu, halafu kimya. Mama yako anasema unashinda chumbani, pazia umeshusha, na ile picha kubwa ya ndege iliyokuwa juu ya kitanda umeichana vipande vinne. Basi nimeamua kukuandikia hapa, mbele ya watu, maana najua hata ukinuna vipi huachi kusoma ninachoandika. Ukitaka kunikasirikia, sababu nimeshakupa.

Nimesimuliwa yote, jinsi macho yako yalivyokufungia mlango wa urubani. Kile kitabu cha madoadoa ya rangi: daktari anafunua ukurasa, wenzako wanasoma 74, wewe unasoma 21. Kumbe miaka yote hii nyekundu na kijani kwako ni mapacha, na sisi tulikuwa tunakucheka tu ukichuma maembe mabichi. Pole sana. Nasema pole ya kweli. Tangu una miaka sita ulikuwa unajua sauti ya injini kabla ndege haijatokea juu ya paa.

Nimesikia pia ulichowajibu walipokwambia kuna kozi nyingine, ile ya kukaa ofisini na kupanga safari za ndege: mafuta kiasi gani, upepo wa wapi, uwanja gani wa akiba mvua ikiharibu mambo. Ukasema, "Mimi siyo karani." Hilo neno ndilo lililonifanya niwashe kompyuta usiku huu.

Nataka nikusimulie habari za karani mmoja.

Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, kisiwa cha Karibiani, mwaka 1917. Jina lake Ulric Cross. Utotoni alikuwa na akili za kutisha, akapata nafasi ya kusomeshwa kwenye shule kubwa ya kisiwa. Akiwa na miaka 13 mama yake akafariki, na masomo yakalegea. Akaacha shule. Akafanya kazi gazetini, kisha akawa karani wa reli. Ungemkuta pale mezani na makaratasi yake ungempita bila kumtazama mara mbili.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na sharti kwamba maofisa wake wawe Wazungu, na wa damu isiyochanganyika. Sharti hilo liliwekwa kando Oktoba 1939, na siyo kwa mapenzi, watu walihitajika. Mwaka 1941 Cross akapanda meli kwenda Uingereza. Nataka uzingatie kazi aliyosomea huko: kuongoza njia. Usukani haukuwa wake.

Kikosi alichopelekwa kiliitwa namba 139, na jina la pili Jamaica, kwa sababu wananchi wa Jamaica walichanga fedha kununulia Waingereza ndege. Ndege waliyorusha ilikuwa Mosquito, yaani mbu. Sisi wa Dar tunamjua mbu: mdogo, mwepesi, humwoni, na asubuhi unajikuna. Waliompa jina hawakukosea. Mosquito ilitengenezwa kwa mbao, tabaka juu ya tabaka, ikaunganishwa kwa gundi, na kazi hiyo walifanya mafundi wa makabati na viti. Injini mbili, watu wawili. Ile ya mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Kinga yake ilikuwa mbio.

Watu wawili hao walikaa bega kwa bega ndani ya kijumba kidogo kama mbele ya Bajaji. Kushoto, rubani wake, Roy Crampton. Kulia, nyuma kidogo, Cross na ramani magotini, penseli, rula, dira na saa. Nje ni giza la Ulaya nzima, maana miji yote ilizimwa taa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kazi uliyoitukana.

Kuna mtambo uliitwa Gee. Vituo vilivyokuwa Uingereza vilirusha mawimbi ya redio, na mwongoza njia akitazama kwenye kioo kidogo tofauti ya muda wa mawimbi kufika, aliweza kuchora mistari miwili kwenye ramani na kusema tuko hapa. Mzuri sana, lakini ukishavuka bahari kuingia bara, Wajerumani waliupigia kelele mpaka kioo kikajaa takataka. Baada ya hapo inabaki hesabu. Tunakwenda upande huu, kwa mwendo huu, kwa dakika hizi, na upepo unatusukuma kiasi hiki. Basi lazima tuwe hapa. Ndege inakata kama kilomita 8 kila dakika. Ukipoteza dakika 3 kwa kutafuta penseli iliyoanguka, hujui tena uko wapi kwa kilomita 24.

Na upepo ndio adui mkubwa kuliko mizinga, maana mizinga unaiona. Chukua usiku wa tarehe 24 Machi 1944. Ndege 811 zilipelekwa Berlin. Njiani waongoza njia waliopewa kazi ya kupima upepo wakakuta unavuma kutoka kaskazini zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Wakatuma hesabu zao makao makuu. Wakubwa kule wakaona haiwezekani, vijana wamekosea. Wakazipunguza, kisha wakazirudisha kwa ndege zote kama ndiyo hali halisi ya upepo. Kundi zima likasukumwa kusini, likatawanyika, nyingi zikapita juu ya maeneo yenye mizinga ambayo zilipangiwa kuyakwepa. Ndege 72 hazikurudi. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na watu saba saba. Sijui kama umewahi kusikia hesabu ya karani ikiua watu namna hiyo kwa sababu tu aliyesoma hakumwamini aliyeandika.

Kikosi cha Cross kilikuwa miongoni mwa watangulizi, wale waliotumwa mbele kuwasha mioto ya rangi juu ya shabaha ili wanaofuata nyuma wajue pa kulenga. Nyekundu, kijani, njano. Nisikudanganye: hapo wewe na macho yako ungerudishwa nyumbani pia.

Wakikaribia, taa kubwa za ardhini zinapepesa angani kama watu wanaotafuta mwizi juu ya paa. Moja ikikunasa, zote zinakugeukia, na mizinga inafuata mwanga. Katika dakika hizo mwongoza njia anafungua mkanda, anajiburuta mpaka puani mwa ndege, analala kifudifudi na kulenga. Rubani anashika ndege inyooke, hatakiwi kuyumba. Kwa hiyo aliyedondosha bomu kwenye Mosquito ni yule yule mwenye penseli. Mkono uliochora mstari ndio uliobonyeza kitufe.

Sipendi kulipita hili kama halipo. Chini walikuwa watu. Julai 1943 mji wa Hamburg uliwaka moto ulioua zaidi ya watu 30,000 katika siku chache, wengi wao raia, wanawake na watoto waliokuwa wamejificha chini ya majengo. Kuna wanaosema bila mabomu hayo Hitler asingeanguka, na kuna wanaosema ni uovu uliovikwa sare. Mimi naona dola ile ilikuwa lazima ipigwe. Naona pia kwamba mtoto wa Hamburg hakuwa na dola. Nimeshindwa kuyapatanisha hayo mawili, na nina miaka zaidi ya sitini.

Na waliokuwa juu nao walikufa kama kuku wa mdondo. Katika vikosi vya mabomu vya Uingereza waliruka watu wapatao 125,000. Waliokufa ni 55,573. Kabla ya kupaa walipewa yai la kukaanga, na nchi ile wakati wa vita yai lilikuwa la mgao, raia alilisikia kwenye ndoto. Utani wao ulikuwa huu: "Usiporudi, yai lako nile mimi?" Ungedhani ni watani wa jadi msibani.

Cross alikwenda mara 80. Takriban 20 kati ya hizo zilikuwa Berlin. Alipofikisha idadi ya kupumzishwa aliomba aendelee. Usiku mmoja injini moja ilikufa huko huko Berlin, wakarudi na moja, wakipoteza kimo pole pole juu ya Ujerumani nzima na bahari, mpaka wakapata kiwanja kidogo Norfolk. Wakatua, kiwanja kikawaishia, ndege ikaingia kwenye shimo la kuchimbia mawe. Wakatoka wote wawili wanatembea. Akapewa nishani ya ushujaa angani, DFC, na baadaye nyingine ya utumishi uliotukuka, DSO. Nani aliwaonyesha kile kiwanja usiku ule, na injini moja? Mtu wa kulia.

Sasa tulia nikupe sehemu ambayo bado inanishangaza mwenyewe.

Baada ya vita alisoma sheria London. Akafanya kazi Ghana, akafanya Kameruni, na mwaka 1967 akaja hapa. Hapa Dar es Salaam, mpwa wangu. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania mpaka 1971, na aliongoza ile baraza ya kudumu ya migogoro ya kazi. Mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, mfanyakazi anagombana na mwajiri wake, na anayesikiliza shauri ni mtu aliyewahi kuhesabu upepo juu ya Berlin kwa penseli. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulikuwa tukipita Kivukoni kwenda kutazama meli, Mahakama Kuu ile pale, na si mbali nayo kanisa la Azania Front walilojenga Wajerumani. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia ndani mle kuna nani. Kwetu vita ile ilikuwa ya akina babu waliokwenda na Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kupigana kwa miguu mpaka Burma, wakarudi na koti na malaria. Ya angani tulijua ni ya Wazungu.

Miaka ya 1990 mwanzoni nchi yake ilimfanya mwakilishi wake London, na wakati huo huo balozi wake Ujerumani. Sijui alipokabidhi hati zake Wajerumani walimtazamaje. Alifariki 2013, ana miaka 96.

Nimalizie na neno lenyewe, kwa kuwa umelilia sana. Muulize bibi yako wa Mafia rubani ni nani. Kabla ndege haijaja pwani hii neno lilikuwepo, na lilikuwa la baharini: yule anayejua njia, anayejua mwamba uko wapi na maji yanakupwa saa ngapi, anayekiingiza chombo bandarini. Nahodha ni mwingine. Anayeshika usukani ni mwingine. Ndege zilipokuja tukamvika jina hilo mshika usukani, na yule anayejua njia tukamwacha bila jina.

Na kwa Mafia ndege zilikuja mapema. Mwaka 1915 Waingereza waliruka kutoka kisiwani kwa bibi yako kwenda delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye mikoko. Meli zao zilipiga bila kuiona; aliyekaa kiti cha pili kwenye ndege, aliyeitwa Arnold, ndiye aliyewatumia redio: sogeza kulia, ongeza, punguza. Tarehe 11 Julai ndege yake ikapigwa. Ikiwa inashuka kuelekea mtoni, injini imekufa, aliendelea kutuma masahihisho, na mizinga ikapata. Ndege ikaangukia majini karibu na meli yao, na wote wawili waliokuwemo walipona. Bibi yake bibi yako huenda aliisikia ikipita juu ya minazi akadhani ni kiyama.

Sikulazimishi kitu. Fomu ya ile kozi mama yako ameiokota jalalani, ameinyoosha kwa pasi, iko chini ya godoro lake. Mwisho ni tarehe 30. Ukisema hapana, nitanyamaza, na mada hii hutaisikia tena kwangu.

Ila vile vipande vinne vya picha usivitupe. Nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri, nitapita dukani kununua gundi.

Mjomba wako,
Ilala