Kabla hujachomoa nozeli

Mwanangu Neema,

Marahaba mama. Ujumbe wako umenikuta gereji hapa Majengo mikono imejaa oili, ndiyo maana nikajibu "sawa" tu. Kumbe bosi wako wa Unga Limited, Arusha, amekuachia RAV4 inayomisi, yaani silinda moja haichomi vizuri, ushushe reli ya mafuta (bomba linalogawa petroli) na nozeli zake zinazopulizia mafuta kwenye injini.

Hakikisha kwanza ni nozeli kweli. Injini ikiunguruma, chomoa soketi ya nozeli moja moja. Ile ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, silinda yake ndiyo mgonjwa. Ila hamishia plagi na koili yake kwenye silinda nyingine, uone kama ugonjwa unahama nazo, kabla hujailaumu nozeli. Wengi hufungua reli bure.

Ukishaamua, toa presha. Gari ikizimwa, mafuta hubaki yamebanwa kwenye reli, na kwa Toyota nyingi za petroli ni kama bar 3. Toa fyuzi ya pampu, washa, iache izime yenyewe, piga starta tena kidogo, kisha fungua hasi ya betri. Hata hapo, funika maungio kwa kitambaa unapolegeza paipu. Na mwenye sigara akavutie barabarani, hata akiwa amekuzidi umri.

Magari ya huko yanatoka mbugani na vumbi lao. Puliza kwa kompresa kuzunguka kila nozeli kabla ya kuvuta, maana kinachodondoka pale kinaishia kwenye vavu. Nyanyua reli sawasawa, ziba matundu kwa kitambaa kisafi, na uangalie oringi ya chini, ile pete ya mpira inayoziba, isije ikabaki ndani ya manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini.

Oringi ndizo zitakugombanisha na wateja. Mteja atakuambia, "Fundi, rudishia hizo hizo." Usikubali. Oringi iliyopikwa na joto miaka mingi inakuwa ngumu, bapa upande mmoja, ukiibonyeza kwa kucha alama inabaki. Ya juu ikivuja, petroli inachuruzika juu ya injini ya moto. Ya chini ikivuja, injini inavuta hewa ya wizi, misi inarudi, na anayesemwa ni wewe, si yule aliyebania hela ya mpira. Akikataa kabisa kununua, mwache atafute fundi mwingine. Bosi akilalamika, mwambie ni mimi niliyesema.

Oringi mpya zilainishe kwa tone la oili safi ya injini, grisi hapana. Ingiza nozeli wima huku ukiizungusha. Ikishakaa, ijaribu kwa vidole: ikizunguka, imekaa vizuri, ikigoma, oringi imejikunja, itoe uangalie. Usiilazimishe ikae kwa kukaza bolti. Bolti za reli zianze kwa mkono, uzi wa aluminiamu ukiliwa ni kesi nyingine.

Rudisha fyuzi na betri, kisha iache pampu ijaze reli kabla hujawasha injini. Mulika tochi, pitisha kidole chini ya kila nozeli. Pakiwa pakavu, washa.

Haya yote ni kwa nozeli zinazopulizia kwenye manifodi. RAV4 za miaka ya 2000 zipo zenye injini ya 1AZ-FSE, hizi mnazoziita D4. Nozeli zake zinaingia ndani ya silinda, presha yake ni kubwa mara nyingi zaidi, na sili zake za tefloni zina kifaa chake cha kuzivalisha. Ukikuta D-4 imeandikwa kwenye kava la injini, weka spana chini unipigie. Kuanzia saa kumi na mbili jioni nipo nyumbani.

Baba yako