Sheli ikivuja, visima vya kupimia viwe vitatu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuchimba visima hapa Dar es Salaam, kazi zangu nyingi zikiwa upande wa Mbagala na Chamazi. Naomba nafasi niseme jambo kuhusu sheli iliyovuja mtaani kwetu. Jina lake silitaji kwa sababu mazungumzo na serikali ya mtaa hayajaisha.

Mama mmoja anayeuza maji ya kisima alianza kuona wateja wanamrudishia madumu wakidai maji yananuka kibatari. Watu wakaulizana, na mwisho wenye sheli wakakiri kwamba tangi moja la petroli limetoboka. Wakalifukua, wakajaza mchanga mpya, wakamwaga zege juu. Baadaye akaja mtaalamu, akachota maji kwenye kisima cha sheli yenyewe, akayatia kwenye chupa ya soda, akapanda gari akaondoka. Tukaja kuambiwa kwamba maji ni salama.

Salama kwa kipimo gani?

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikivuja kwenye mchanga kama wetu inazama mpaka ikute maji ya ardhini, inaelea juu yake, kisha inatambaa kufuata maji yanakoelekea. Hiyo inayoelea si shida sana, maana ukishusha chombo kisimani utaiona. Balaa ni ile inayoyeyuka, hasa benzeni, ambayo haina rangi na inasababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzeni kwa lita, na mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Piga hesabu mwenyewe: gramu moja tu inatosha kufikisha kikomo hicho katika lita 100,000, yaani maboza kumi ya lita elfu kumi. Na pua isikudanganye. Benzeni peke yake kwenye maji hainuki mpaka iwe imezidi kikomo hicho mara nyingi sana, kwa hiyo kusema "siku hizi hayanuki" si majibu ya maabara.

Ndiyo maana chupa ya soda ilinikera. Benzeni inaruka kama spiriti. Maji ya kupimwa hutiwa kwenye kichupa cha kioo, kinajazwa mpaka pomoni pasibaki hata povu la hewa, kinafungwa na kuwekwa kwenye barafu mpaka maabara. Udongo nao ni hivyohivyo. Ukiuanika kwenye karai juani huku mnapiga soga, mtakachopeleka maabara ni mchanga mtupu. Tena udongo wa kuchukua si ule wa juu karibu na pampu za sheli, bali ule wa chini, pale maji yanapopanda masika na kushuka kiangazi, kwa kuwa hapo ndipo mafuta yanapojipaka.

Sasa nije kwenye kisima. Kisima kimoja hakiwezi kukuonyesha maji yanakwenda wapi; viwili navyo vinaweza kukupoteza. Unahitaji angalau vitatu, vikae pembetatu. Unapima kina cha maji kwa utepe katika kila kimoja, na midomo ya visima unailinganisha kwa levo, hata ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi unatosha kuanzia. Hapo utajua maji yameinamia upande gani, na huko ndiko uchukue sampuli. Kisima cha sheli yetu kiko upande wa juu wa tangi. Kama maji yanateremkia bondeni kama nionavyo mimi, yule mtaalamu alipima maji ambayo hayajafika kwenye tangi. Zaidi ya hapo, nyumba za bondeni zina pampu zinazovuta kutwa, na pampu huweza kuvuta uchafu kuelekea kwake.

Wapo wanaosema visima vyao ni virefu, hayawahusu. Yanawahusu. Baadhi ya mafundi wenzangu wanashusha kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima, na kuacha uwazi pembeni bila kuuziba kwa saruji, na uwazi huo ni njia ya maji ya juu kushuka hadi chini. Afisa mmoja akatushauri tuchemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu. Benzeni kunaihamisha tu kutoka sufuriani kwenda kwenye hewa ya jikoni, anayoivuta mama na mtoto aliyembeba mgongoni.

Haya si mambo ya kusema yataisha yenyewe. Kule Thange, Makueni nchini Kenya, bomba la mafuta lilivuja mwaka 2015 na kuharibu mto, mashamba na visima. Hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 3.8 za Kenya ilitoka 2025. Huko Hawaii, mafuta ya matangi ya chini ya ardhi ya jeshi la majini la Marekani yaliingia kwenye maji ya bomba mwaka 2021, na ni wakazi waliosikia harufu majumbani mwao. Na hao wana maabara kila kona, sembuse sisi.

Kwa hiyo ninaomba wahusika, wa mazingira na wa ofisi ya bonde la maji inayosimamia maji ya ardhini, wachimbishe visima vitatu vya kupimia, kimoja juu ya sheli na viwili upande wa bondeni. Wachukue sampuli sasa, na warudie baada ya masika maji yakiwa yamepanda. Majibu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa kwa tarakimu, si kwa neno "salama". Kwa mchanga wetu ni kazi ya siku chache tu. Mashine nitaitoa mimi bila malipo. Wao walete mabomba na mtu wa maabara mwenye vichupa vya kioo. Na hadi majibu yatoke, mwenye sheli alete boza la maji safi kwa nyumba za bondeni.

Fundi wa visima,
Mbagala, Dar es Salaam