Mwanangu, Musoma sikwenda

Marahaba mama yangu.

Meseji yako niliipata juzi usiku nikiwa ndo namalizia hesabu za siku, nikaisoma mara mbili afu nikampa baba yako, akaisoma akanirudishia simu bila kusema kitu, we unamjua. Sikujibu palepale maana jibu lake ni refu. Leo Jumapili sokoni Mwaloni sikwenda, nimekaa hapa nje kwenye mkeka, ziwa limetulia kabisa, nakuandikia.

Umesema likizo hii hutaki kutoka Kampala na basi la kupitia Mutukula. Mnataka kuja wanne kwa gari ya kaka yake rafiki yako, mzunguke kwa upande wa juu, Jinja, Busia, Kisumu, Kisii, Sirari mpaka nyumbani Mwanza, siku nne njiani. Afu mwishoni ukaandika "mama najua utakataa".

Sikatai. Ila kuna kitu sijawahi kukuambia na leo nakuambia.

Unakumbuka ulivyokuwa darasa la pili, mwezi wa 11 mwaka 2012, nikawaacha kwa mama mkubwa wiki nzima nikasema naenda Musoma msibani? Musoma sikwenda mwanangu. Mjini hata sikuingia, tulifika njia panda tukanyoosha Tarime. Hakukuwa na msiba wowote. Nilizunguka ziwa lote, nikatokea upande wa pili.

Tulikuwa wanawake wanne, wote wauza dagaa wa Mwaloni. Miaka yote tunawaona wanunuzi wanakuja, Wakenya, Wanyarwanda, Wakongo, wanapakia magunia wanaondoka, na sisi hatujui hata yanakofikia. Siku moja mwenzetu mmoja akasema, jamani hivi hao wanauza bei gani huko kwao? Tukaanza kuongea kama utani, wiki mbili baadaye tuko kwenye gari ya shemeji yake, Carina, saa 11 alfajiri tunaiacha Igoma nyuma. Ni yeye peke yake aliyekuwa na leseni kwa hiyo tangu siku ile tukamwita Dereva, mpaka leo.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu niliona nikisema kweli nitakatazwa. Baba yako nilimwambia msiba hivyohivyo, alikuja kujua baadaye sana. Na simu niliizima Sirari, laini yetu nilijua ng'ambo haitanisaidia, na kusema ukweli sikutaka kupigiwa nikaulizwa msiba unaendaje.

Sirari kipindi kile unagongewa muhuri huku kwetu, unatembea na begi lako mpaka Isebania unagongewa tena, katikati hapo wabadilisha hela wamekuzunguka na kalkuleta. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa 18 na kitu za kwetu. Kijana akanihesabia noti mbele ya macho yangu, zimetimia, nikaweka kwenye pindo la kanga. Kufika Migori nafungua, mbili zilikuwa zimekunjwa katikati, kazihesabu mara mbili mbili. Sasa mama, hela badilisha dukani au benki, na kama ni lazima mpakani basi mwenzako mmoja asimame pembeni aangalie mikono tu, asiangalie kitu kingine.

Kisumu ndo palinishika. Tuliingia sokoni kama wanunuzi, nikamkuta mama mmoja ana dagaa kwenye turubai anapima kwa gorogoro, lile kopo lao. Nikachota kiganjani, nikasugua, nikapuliza. Mchanga ukabaki kwenye mistari ya kiganja. Dagaa wa kuanikwa chini mchangani, sio wa kwenye chanja wala wa kwenye mawe. Nikamuuliza hawa wanatoka wapi, akanijibu bila kuniangalia, "hii omena ni ya Mwanza". Nakwambia nilisimama pale nikashindwa kuongea. Mzigo tunaoupakia sisi ndo ule, umefika kabla yangu na una jina lingine. Sangara wao wanamwita mbuta, sato ni ngege. Tulivyovuka Uganda dagaa akageuka tena akawa mukene. Na ziwa lenyewe hivyohivyo, Wajaluo wanasema Nam Lolwe, Waganda Nalubaale, kwetu Nyanza. Shule nilisoma kwamba lina kilometa za mraba karibu 69,000, nikaandika kwenye daftari nikapata vema, lakini haikuniingia akilini mpaka siku ya nne ya kukaa kwenye gari na bado lipo tu upande wa kushoto.

Maseno kuna alama ya ikweta barabarani, mtasimama mpige picha, sisi tulisimama dakika tano tukaendelea.

Kosa letu lilikuwa Busia. Tulifika saa 11 jioni, foleni ya malori huioni mwisho, tukamaliza mihuri giza linaingia, na badala ya kulala palepale tukasema Jinja sio mbali. Mvua ikaanza. Tumeshapita Bugiri, Dereva akasema mbona mshale wa joto unapanda, kabla hajamaliza mvuke ukatoka kwenye boneti kama chungu kimefunuliwa. Akazima gari. Pembeni kuna mpunga na maji ya majaruba, vyura wanalia, taa hatuzioni popote isipokuwa za malori yanayotupita kwa kasi mpaka gari letu linatikisika.

Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole.

Hapo ndo niliwajua wenzangu. Yule aliyekuwa anatuchekesha tangu Magu, ambaye bila yeye nisingeenda, alijifungia ndani ya gari akaanza kutulaumu mmoja mmoja, kwanini hamkukagua gari, nani alisema tusilale Busia, mimi nina watoto. Sote tuna watoto. Na yule mwingine ambaye toka Mwanza nadhani alikuwa ameongea maneno kumi, alivua viatu, akachukua ndoo tuliyobebea chakula, akashuka kwenye majaruba kutafuta maji. Hakuaga wala hakuulizwa. Tangu siku ile nikipata shida yoyote ya biashara namuendea yeye kwanza.

Akapita kijana wa bodaboda, Kiswahili chake cha kuokoteza, tukaelewana kwa mikono. Akaangalia mpira, akaondoka, tukajua ndo basi. Baada ya nusu saa akarudi na kipande cha tyubu kuukuu ya pikipiki. Akakikata kwa kisu ukanda mrefu upana wa vidole viwili, mimi namshikia tochi, akaanza kuuzungusha juu ya ule ufa anauvuta mpaka unakuwa mwembamba unakaribia kukatika, kila mzunguko unaukalia nusu ule uliotangulia, akafika mwisho akafunga fundo akalikaza kwa meno. Tukajaza maji. Akatuonyesha kifuniko cha rejeta tusikibane sana, tukilegeze, ili mgandamizo usifumue ile kamba yake. Tukaenda mwendo wa baiskeli mpaka Iganga, na yeye mbele yetu na pikipiki yake mpaka tulipoona taa za mji. Hela alichukua kidogo sana na jina lake sikumuuliza, mpaka leo naumia.

Lakini kabla hajarudi, ile nusu saa, ndo ninayotaka uijue.

Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya barabara nimejifunika kanga, nikawaza mjomba wako. Wewe humjui, alikufa kabla hujazaliwa. Alikuwa Muleba ananunua ndizi na kahawa, na mwezi wa tano 1996 alipanda MV Bukoba pale Kemondo bila kumwambia mtu, alitaka kutushtukiza nyumbani. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikazama, imeshakaribia kabisa kufika Mwanza. Mji mzima ulikuwa unalia, na sisi tunalia na majirani, tunapika uji tunapeleka kwa waliofiwa, tunashukuru wa kwetu yuko Muleba. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina. Siku ya tano ndo mtu akaja kutoka Muleba kutuuliza kama kaka amefika salama. Siku ya tano mwanangu. Bibi yako alikuwa anachambua mchele, hakunyanyuka kwenye ule ungo mpaka jioni. Mwili hatukuwahi kuutambua, tunakwenda pale makaburini Igoma kila Mei tunasimama tu, tunaweka maua popote.

Sasa mimi, mtu niliyeyaona hayo kwa macho yangu, niko Uganda usiku kwenye mvua na watu wangu wote wanajua niko Musoma. Ningegongwa na lori pale wangekwenda kunitafuta Musoma. Wangeuliza msiba wa nani? Hakuna msiba. Nilitetemeka na haikuwa baridi.

Kulivyokucha, tulipofika Jinja kitu cha kwanza nilitafuta simu ya kulipia nikampigia mama mkubwa, nikamwambia niko wapi na niko na nani. Alinitukana mpaka hela ikaisha. Nilijisikia vizuri sana baada ya pale.

Safari iliyobaki ilikuwa tamu. Tulisimama kuangalia Nile inavyoanza, maji yanatoka kwenye ziwa letu yanaanza kwenda Misri, na barabara ilipita juu ya bwawa lile la 1954, nyie mtapita daraja jipya la 2018. Tukala gonja, zile ndizi zao za kuchoma, na kuku wa mishikaki Mabira. Kampala tulipotea masaa matatu. Masaka, Mutukula, Kyaka, Bukoba tukalala, afu Chato, Geita, na pale Busisi tukasubiri kivuko mpaka basi, maana hili daraja mnalopita nyie sasa hivi halikuwepo.

Na Bukoba nilinunua senene. Unakumbuka? Nilikuletea kwenye kopo la plastiki, ukakaa mlangoni unakula, afu ukaniuliza, "mama, kumbe Musoma nako kuna senene?" Nikasema nimepewa na mtu wa Bukoba pale msibani. Ukaniangalia. Ulikuwa na miaka minane na ulijua, niliona kabisa kwamba umejua, ukaendelea kula. Nisamehe kwa hilo mama.

Kwa hiyo njooni. Gari ni ya kaka mtu, basi aandike barua ya kuwaruhusu na kadi halisi ya gari iwepo, Busia na Sirari wataiuliza, na bima ile ya COMESA, kadi ya njano, ikatwe Kampala kabla hamjatoka. Pasi na cheti cha homa ya manjano utembee navyo mwilini usiweke kwenye buti. Mtazameni fundi akikagua mipira yote ya rejeta, aibinye kwa vidole, ikiwa migumu au imechanika ibadilishwe, na mmoja wenu ajifunze kubadili tairi, napendelea awe wewe. Jua likizama gari lisimame, hata kama mji uliopo mbele mnauona taa zake. Ukishaingia huku kwetu kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wana tochi za kupima mwendo, msikimbie. Mkivuka Mara pale Kirumi mkaja mpaka karibu na Lamadi mnaweza kuona pundamilia wa Serengeti karibu na barabara kabisa, angalieni mkiwa ndani ya gari.

Na kila mnapolala unanitumia jina la mji na jina la gesti. Hata kama umenuna, hata kama mmegombana, hata kama umefanya kitu unajua nitachukia. Andika tu jina la mji, nikisoma nitalala.

Hao wenzako watatu nataka majina yao na namba ya mzazi mmoja wa kila mmoja, baba yako naye anazitaka, hilo ndo neno pekee aliloongea.

Mkifika Magu nipigie. Nitapanda daladala nije niwasubiri Igoma, mpaki gari pembeni tuingie mara moja kwa mjomba wako umsalimie, afu twendeni nyumbani, sato nitakuwa nimeshamkaanga wa kuwatosha wote wanne.

Mama yako